Bwana wa Kazi na Dhamiri ya Mfanyakazi



Katika mafundisho ya amri ya saba mmekwisha kusikia habari za mwizi wa mbuzi, na za mchuuzi mwenye mizani ya udanganyifu, na za mtu anayesogeza mpaka wa shamba usiku. Hao mnawajua, hata mtoto wa mwaka wa kwanza wa katekisimu aweza kuwataja. Lakini yuko mwizi mwingine asiyeingia nyumbani mwa mtu wala kugusa mfuko wake. Huketi mezani pake mchana, huandika barua fupi, huitia sahihi, na kwa barua hiyo jamaa nzima hukosa chakula. Wala hajioni kuwa mwizi. Asema, «Kazi ni yangu, namweka nimtakaye, namwondoa nisiyemtaka.»

Swali letu la leo ni hili: je, bwana wa kazi anayo ruhusa ya kumfukuza mfanyakazi kwa sababu ya mawazo yake ya siasa? Maana yake: kwa sababu amejiandikisha katika chama fulani, au amempigia kura mtu fulani, au amekataa kuvaa nguo yenye picha ya mkubwa fulani. Msidhani ya kuwa swali hili ni la watu wa miji tu. Unapofika mwaka wa uchaguzi, kama ilivyokuwa mwaka 2006, na 2011, na 2018, na 2023, swali hili linaingia katika mashamba ya michikichi na ya kahawa, katika maduka ya kando ya barabara, katika shule, na kwa wenye malori.

Tuanze na Maandiko Matakatifu, katika kitabu cha Danieli, sura ya sita. Mfalme Dario aliweka watawala mia na ishirini juu ya ufalme wake, na juu yao wakubwa watatu, na Danieli alikuwa mmoja wa hao watatu. Alikuwa mgeni, mtu wa taifa lililoshindwa vitani, lakini alifanya kazi vizuri kupita wenzake wote, hata mfalme akakusudia kumpa ufalme wote autunze. Wenzake wakaona wivu. Basi wakafanya nini? Walitafuta kosa katika kazi yake. Walitazama hesabu zake, wakatazama amri alizotoa, wakauliza huku na huku kama amekula rushwa au amezembea. Hawakuona hata kosa moja. Ndipo wakasemezana ya kuwa mtu huyu hawatamkamata kwa neno lo lote isipokuwa kwa neno la dini yake. Wakamwendea mfalme kwa maneno ya kumsifu, wakampa karatasi ya kutia sahihi, iliyokataza kwa siku thelathini mtu ye yote kumwomba mungu au mwanadamu ila mfalme peke yake. Mfalme akatia sahihi. Danieli akaenda zake nyumbani, akapiga magoti mara tatu kwa siku, madirisha yakiwa wazi kuelekea Yeruzalemu, kama alivyozoea kufanya siku zote.

Habari ya simba mnaijua, sitaieleza. Nataka mtazame yaliyotangulia simba. Hao wenye wivu walianza mahali palipo halali, maana mwenye ufalme anayo haki ya kujua kama mtumishi wake afanya kazi au hafanyi. Kama wangalimwona Danieli anaiba kodi ya mfalme, ingalikuwa haki kumwondoa. Lakini walipokuta kazi ni safi, wakaacha kutazama mikono yake, wakaanza kutazama moyo wake. Hapo ndipo dhuluma ilipoanza, kabla ya shimo la simba, siku ile walipoondoka katika hesabu za kazi na kuingia katika dhamiri ya mtu.

Tena mtazame mfalme. Hakumchukia Danieli. Alimpenda, akahangaika mpaka jua kutua akitafuta njia ya kumwokoa, na usiku hakupata usingizi. Lakini sahihi ilikuwa yake. Wako mabwana wa kazi wengi wa namna hiyo, watu wasio wakali, ambao kapita au karani huwaletea maneno ya masengenyo, «Fulani ni mtu wa chama kile,» nao hutia sahihi bila kuuliza, halafu husikitika. Masikitiko hayo hayamrudishii mtu kazi yake.

Basi, bwana wa kazi ananunua nini anapomwajiri mtu? Ananunua saa za kazi, nguvu za mikono, na ujuzi. Ananunua pia utii katika mambo ya kazi: afike saa iliyowekwa, atunze vyombo, asiseme uongo juu ya hesabu, asipigane na wenzake. Zaidi ya hayo hakununua kitu. Baba Mtakatifu Leo XIII, katika barua yake ya mwaka 1891 juu ya hali ya wafanyakazi, alifundisha ya kuwa matajiri hawana ruhusa kuwahesabu wafanyakazi kama watumwa, na ya kuwa wajibu wao ni kuheshimu cheo cha kila mtu, cheo alichopewa na Mungu. Na Baba Mtakatifu Yohane Paulo II, mwaka 1981, alieleza ya kuwa mtu anayefanya kazi ni mkubwa kuliko mali inayotumika katika kazi. Maaskofu wa dunia yote, walipokutana katika Mtaguso wa Pili wa Vatikano, walifundisha mwaka 1965 ya kuwa wakristu waweza kupatana katika imani na kuachana katika mashauri ya utawala wa nchi, na ya kuwa hakuna mmoja mwenye ruhusa kulitumia jina la Eklezia kutukuza shauri lake na kumlaani mwenzake.

Wala neno hilo si jipya. Yezu Kristu mwenyewe alipochagua mitume kumi na wawili, aliwaweka pamoja Matayo, aliyekuwa mtoza ushuru chini ya utawala wa Waroma, na Simoni, aliyeitwa Mwenye Bidii. Jina hilo la Simoni lilikuwa jina la watu wenye wivu mkali kwa ajili ya taifa lao, nao waliwachukia watoza ushuru kuliko wanyama. Je, mwaona? Mmoja alikula mshahara wa serikali ya wageni, na mwenzake alikuwa na jina la wale wanaotaka kuwafukuza wageni. Bwana wetu aliwaita wote wawili katika kazi moja. Injili haisemi ya kuwa alimwondoa mmoja ili mwingine atulie.

Sisi Wakongo tunaye shahidi wetu katika jambo lililo karibu na hili, ndiye Mwenye Heri Isidore Bakanja. Alibatizwa mwaka 1906, akiwa kijana. Alikuwa msaidizi wa waashi, baadaye akawa mtumishi wa nyumba katika shamba la kampani moja ya Wazungu huko Ikili. Msimamizi wa shamba alichukia mafundisho ya mapadri, tena aliona ya kuwa mtumishi anayefundisha wenzake kusali ni hatari kwa ukubwa wake. Akamwamuru Isidore avue skapulari ya Mama Maria aliyoivaa shingoni. Isidore aliomba ruhusa ya kuacha kazi na kurudi kwao, akanyimwa. Mwaka 1909 alipigwa mjeledi kwa ukatili, vidonda vikaoza, akateseka miezi, akafa mwezi wa Agosti mwaka huohuo, amemsamehe yule aliyempiga na kuahidi kumwombea mbinguni. Alitangazwa Mwenye Heri tarehe 24 Aprili 1994. Yeye aliteswa kwa ajili ya dini, si kwa ajili ya chama, tusichanganye. Lakini kosa la yule msimamizi ni lilelile tunalolisema leo: alidhani ya kuwa kwa kumlipa mtu mshahara amenunua hata kilicho kifuani mwake.

Sasa sheria ya nchi. Si kila wakati sheria ya nchi inapatana na haki ya Mungu, lakini katika jambo hili, huku kwetu, inapatana nayo, na imewapasa mwijue. Katiba ya Jamhuri ya Kidemokrasi ya Kongo, iliyotangazwa tarehe 18 Februari 2006, katika kifungu cha 36, inasema ya kuwa kazi ni haki na wajibu mtakatifu, na ya kuwa mtu asidhulumiwe katika kazi yake kwa sababu ya asili yake, au mawazo yake, au imani yake. Kabla yake, Sheria ya Kazi namba 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002 ilikwisha kuamuru katika kifungu cha 62 ya kuwa bwana wa kazi hawezi kumwachisha mtu bila sababu ya kweli: ama mtu hawezi kazi, ama mwenendo wake kazini ni mbaya, ama kazi yenyewe imepungua. Kisha kifungu hicho kinataja mambo yasiyoweza kuwa sababu ya kweli, na mawazo ya siasa yamo, pamoja na dini, kabila, mimba, na kujiunga na chama cha wafanyakazi. Sheria hiyo ni kwa watu wa kampani, mashamba, maduka na kazi nyingine za namna hiyo. Watumishi wa Serikali wenye vyeo vya kudumu wana sheria yao, lakini Katiba inawalinda nao vilevile.

Wazee waliomo kati yenu wanakumbuka nyakati nyingine. Chama cha MPR kilianzishwa mwaka 1967, na kwa Katiba ya mwaka 1974 kila mzaliwa wa Zaire alihesabiwa mwanachama wake, apende asipende. Siku hizo swali letu lisingaliulizwa hata kidogo, maana hapakuwa na chama cha pili. Tarehe 24 Aprili 1990 Rais Mobutu alitangaza mwisho wa chama kimoja. Tangu siku hiyo vyama vimekuwa vingi, na pamoja na vyama vingi limekuja jaribu hili jipya, la kila mwenye mali kutaka wafanyakazi wake wawe kundi la chama chake.

Tena msidhani ya kuwa nchi zote zimetengeneza jambo hili. Katika Marekani, kwa mfano, Mahakama Kuu iliamua mwaka 1976 ya kuwa Serikali haiwezi kuwafukuza watumishi wake wa kawaida kwa sababu ya chama tu. Lakini mfanyakazi wa tajiri binafsi hana sheria ya nchi nzima ya kumlinda katika hilo, isipokuwa katika majimbo mengine, kama California. Kwa hiyo mtu aweza kulindwa upande huu wa mpaka wa jimbo, na upande wa pili asilindwe.

Najua mtauliza: na kama mawazo yenyewe ni mabaya? Hili ni swali gumu, nami sitalipita mbio. Sikilizeni habari ya Uingereza. Dereva mmoja katika mji wa Bradford alikuwa akiwachukua katika gari watu wenye ulemavu, na wengi wao walikuwa wenye asili ya Asia. Kazi yake ilisifiwa. Mwaka 2004 alichaguliwa kuwa diwani kwa jina la chama kilichowakubali Wazungu peke yao kuwa wanachama, na kampani ikamwachisha kazi. Hakuna aliyekuwa amemshitaki ya kuwa amemtendea abiria ubaya. Shauri lake lilifika Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya huko Strasbourg, nayo mwaka 2012, majaji wanne juu ya watatu, iliamua ya kuwa Uingereza ilimkosea. Majaji hawakukisifu chama chake, wala hawakusema ya kuwa kampani haikuwa na hofu ya kweli. Walisema ya kuwa mtu aliyeondolewa kwa sababu ya siasa lazima apate mahali pa kusikilizwa, na dereva huyo alikuwa amefungiwa mlango kwa sababu hakuwa ametimiza mwaka mmoja kazini. Mwaka 2013 sheria ya Uingereza ikageuzwa kwa ajili hiyo.

Mimi naona majaji hao walisema vema. Mawazo ya chama kile ni kinyume cha Injili, maana Mungu hakuumba watu wa namna mbili. Kama dereva huyo angalimkatalia abiria mmoja kwa ajili ya rangi yake, au kumtukana, angalistahili kuondoka siku ileile, kwa kuwa hapo ubaya umetoka moyoni ukaingia katika kazi. Ndivyo ilivyo huku kwetu. Mwuguzi anayekataa kumfunga kidonda mtu wa kabila jingine amevunja kazi yake. Mwalimu anayewafundisha watoto kuchukia jirani amevunja kazi yake. Bwana wa kazi anayo haki, hata wajibu, kuwaondoa, lakini awaondoe kwa tendo linaloonekana na lenye mashahidi, kisha awasikilize kwanza. Ubaya uliobaki moyoni una Hakimu wake.

Kuna kazi chache ambazo mawazo yenyewe ni sehemu ya kazi. Chama kikitafuta karani wa kuandika hotuba zake, chaweza kumtaka awe mtu wa chama hicho. Vivyo hivyo sisi hatumweki mtu asiyeamini kuwa katekista. Jambo hilo ni wazi. Lakini mpishi wa misioni, na mlinzi, na seremala anayetengeneza viti vya kanisa, hao wameajiriwa kwa kupika, kulinda na kuranda mbao. Padri anayemwondoa mpishi kwa sababu amempigia kura mtu asiyempendeza padri, ana kosa lilelile la tajiri wa michikichi, tena kubwa zaidi, kwani yeye anajua.

Na ninyi wenyewe msikae kama watu wasiohusika. Wengi wenu mnao vibarua wawili watatu wakati wa kupalilia au wa kuvuna mpunga. Mmoja wenu ana duka na kijana wa kuuza. Mwanamke mwenye kinu ameweka mtu wa kukitazama. Mbele ya Mungu ninyi ni mabwana wa kazi kama mwenye kampani. Mtume Yakobo anasema ya kuwa ujira wa wavunaji uliozuiliwa unapaza sauti, nayo sauti hiyo inafika masikioni pa Bwana. Anayemwambia kibarua, «Sitakulipa siku zako za mwisho, nenda ukalipwe na chama chako,» anazuia ujira.

Mfanyakazi naye anayo deni lake. Saa za kazi si za kugawa kadi za chama, wala gari la tajiri si la kubeba watu wa mkutano bila ruhusa, wala si haki kuwasumbua wenzako kila siku mpaka washindwe kufanya kazi. Mtu akiondolewa kwa hayo, asijiite mfia dini. Danieli aliweza kusimama mbele ya mfalme kwa sababu hesabu zake zilikuwa safi.

Mtu mwingine atauliza: «Ninao watoto sita, na bwana wangu ataka nichukue kadi ya chama nisichokipenda. Je, nikiichukua nimetenda dhambi?» Kwanza ujue ya kuwa yeye ndiye anayekosa, naye anavunja sheria. Kadi ni karatasi. Mtu anayeipokea kwa hofu ya njaa ya watoto hakumkana Mungu, wala sitaki mmoja wenu amtupie jiwe. Anayeikataa na kustahimili, tumheshimu. Lakini yako mambo yasiyoruhusiwa hata kama kazi itapotea: kuapa uongo kwa jina la Mungu, kupeleleza majirani na kupeleka majina yao, kumpiga mtu au kuchoma nyumba kwa amri ya chama. Hapo hakuna watoto sita wala kumi watakaoliondoa kosa.

Yabaki mambo ya kutenda siku barua ya kufukuzwa inapofika. Sheria inataka barua iwe ya maandishi, itaje sababu. Msikubali kufukuzwa kwa maneno matupu, wala msitie sahihi karatasi isemayo ya kuwa mmeacha kazi kwa hiari, ikiwa si kweli. Asiyejua kusoma ampelekee katekista barua kabla ya kushika kalamu. Itunzeni barua hiyo pamoja na karatasi za mshahara, mkaende kwa Mkaguzi wa Kazi, kwa maana mahakama ya kazi haipokei shauri lisilopita kwake kwanza kutafuta mapatano. Yasipopatikana, shauri huenda mahakamani, nayo ikiona ya kuwa hapakuwa na sababu ya kweli, mtu ana haki ya kurudishwa kazini. Asiporudishwa, hulipwa fidia ambayo yaweza kufika mshahara wa miezi 36, isipite hapo.

Lakini hakuna tajiri mjinga wa kuandika «siasa» katika barua. Ataandika ya kuwa kazi imepungua, na wiki inayofuata ataweka mtu mwingine mahali palepale. Kwa hiyo shauri lote hushikwa na mashahidi, nao ni wale waliobaki kazini, waliosikia maneno ya kapita asubuhi ile. Hapa twatoka katika amri ya saba na kuingia katika amri ya nane. Mkaguzi akiuliza, «Nani alisikia?», watu hutazama chini. Naijua hofu yao, kwani mwenye kusema kweli leo aweza kupata barua yake kesho, ijapokuwa sheria hiyohiyo inakataza kumwachisha mtu kwa sababu ameshiriki katika mashitaka juu ya bwana wake. Waende wawili au watatu pamoja, wasiende mmoja mmoja, na wale wa chama kingine wawemo kati yao, maana ushuhuda wao hautadhaniwa kuwa wa upendeleo. Na wakati shauri linangoja, ambao huwa miezi mingi, wakristu wa mtaa wagawane kazi ya nyumba ile: huyu alete muhogo, yule alipe karo ya mtoto mmoja, na vijana wakalime shamba la yule mtu siku ya Jumamosi, bila kuuliza alipiga kura kwa nani.